Miguu ya Mama Kulwa

Ukishuka Makanya umeshika kiuno, hakuna aliyekuuliza unakwenda kwa nani. Muuza karanga wa kituoni alikunyooshea kidole tu: vuka reli, pita yalipolundikwa mawe ya jasi, nyumba ya tatu, mlango wa bluu. Hapo ndipo kwa Mama Kulwa. Ilikuwa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, mpaka Julai ya mwaka juzi, nilipoyamaliza yote kwa maneno machache.

Jina lake ni Irine. Ni mtu wa Kighare, juu kule Ugweno kwenye migomba na baridi, na huku kwenye vumbi alimfuata mume, marehemu Sifael, aliyekuwa akichimba jasi. Kazi yake ni chapati na maharage kwa wapakiaji. Lakini chapati kila mtu anapika. Kilichompa jina ni miguu. Watu wanaamini kwamba mwanamke aliyezaa mapacha akikukanyaga mgongo, maumivu yanatoka, na Mama alikuwa na mapacha: Kulwa na mimi, Doto. Majina hayo si ya Kipare, yametoka Usukuma, lakini nchi nzima inajua maana yake. Kulwa ndiye anayetangulia kuzaliwa, Doto ndiye anayefuata.

Na Makanya haikosi migongo mibovu. Jasi inapakiwa kwenye malori kwa mikono. Kijana anaanza akiwa na miaka kumi na minane, akifika thelathini anainuka kitandani kwa awamu. Walikuja asubuhi, kabla Mama hajatia kitu kinywani, kwa sababu ndivyo wenyewe walivyosema dawa inavyotaka. Mgonjwa alilala kifudifudi kwenye mkeka uani. Mama alinawa miguu kwa maji ya uvuguvugu, akashika ukingo wa dirisha asije akamwangukia mtu, akaweka mguu wa kulia na kusema, "Kulwa." Akaweka wa kushoto, "Doto." Kulwa, Doto, kutoka kiunoni mpaka mabegani na kurudi, mara saba. Hakutoza kitu. Walimwachia sukari, sabuni, siku nyingine kuku.

Nilichukia kusikia jina langu likisemwa juu ya migongo ya watu. Shuleni waliniita Mguu wa Kushoto. Kulwa, waliyemwita Mguu wa Kulia, alicheka nao na kuwainulia mguu wenyewe wauone. Mimi nilipigana, nikapigwa, nikarudi nyumbani nikamnunia Mama. Yeye alinifuta damu puani na kuniuliza kama nimekula.

Alikuwa na hadithi moja aliyopenda kutusimulia akikanda unga. Alipokuwa akiteremka kutoka Kighare kumfuata Baba, sisi tukiwa wachanga, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, alikaa Lembeni kungoja gari. Mama mmoja mfanyabiashara wa pale, Bi Sharifa, akamletea uji na kumuuliza, "Mapacha hao?" Mama akajibu, "Ndiyo." "Kulwa yupi, Doto yupi?" Mama akaonyesha: wa mgongoni Kulwa, wa kifuani Doto. Hivyo ndivyo tulivyopata majina, kwa bakuli la uji, akasema, na akacheka. Nilimpenda sana yule Doto wa kifuani. Nilijua kwamba kifuani hukaa mtoto anayependwa zaidi.

Darasa la saba tulifaulu wote wawili. Sekondari nilikwenda mimi, Kulwa akaenda kupakia jasi. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani jibu liko wazi, kwamba mwenye akili anasoma na mwenye mabega anabeba. Nilipofika chuo Moshi kusomea fiziotherapia, yaani kutibu viungo na migongo kwa mazoezi, nilijiandikisha kwa jina langu la ubatizo, Dickson. Doto nikamwacha Makanya. Siku moja mwalimu alituuliza kama kuna aliyewahi kuona tiba za kienyeji za mgongo. Nikanyoosha mkono, nikasimulia mkeka, ukingo wa dirisha, Kulwa, Doto, mara saba. Nilisema ni bibi mmoja jirani yetu. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Nilirudi Same na stashahada na ulimi. Nikapata kazi kwenye kituo kidogo cha tiba, nikaanza vita. Same mjini haikosi mafundi wa mgongo. Yupo anayekupindua shingo mpaka ilie, huku kijana wake anarekodi kwa simu. Yupo anayekubandika vikombe vya kunyonya "damu chafu". Ikaja kampuni moja na vitanda vya umeme vinavyotetemeka, siku saba bure, vinatibu mgongo, kisukari, presha na ugumba. Nilibishana na wote, mtandaoni na sokoni. Hoja yangu ilikuwa moja na bado naishikilia. Maumivu mengi ya kiuno huisha yenyewe ndani ya wiki chache. Wiki ya kwanza mtu anavumilia, ya pili ananunua vidonge, ya tatu anakwenda kukanyagwa, ya nne anapona, na sifa zote anapewa aliyemkanyaga. Angekanyagwa na mbuzi angepona vilevile.

Sikumwambia mtu kwamba hata ile taa nyekundu ninayowawashia wagonjwa wangu mimi, wakiwa wamelala kwenye shuka nyeupe, wengi hulipia kuja kuiota wiki hiyohiyo ya tatu.

Halafu nilikuwa na siri. Kabla ya kwenda chuo, nikitafuta karatasi za kuombea cheti cha kuzaliwa, nilifungua sanduku la bati la Mama. Chini kabisa, ndani ya kanga iliyokunjwa, palikuwa na kadi ya kliniki, ile ya kupimia uzito wa watoto. Jina la mtoto halikuandikwa. Iliandikwa: mtoto wa Neema Loth, mvulana, tarehe 14 Machi, mwaka wetu. Neema alikuwa mdogo wake Mama, aliyefariki zamani. Tuliambiwa tu alifariki kwa homa. Nikakaa chini pale sandukuni. Mmoja wetu hakuwa wa Mama. Hakukuwa na mapacha.

Sikujiuliza hata mara moja ni yupi. Nilijua ni Kulwa. Mimi ni mwembamba kama Mama, Kulwa ni pande la mtu. Mimi nilisomeshwa, Kulwa hakusomeshwa. Mimi nilikuwa wa kifuani. Kadi yangu mwenyewe sikuiona, nikasema itakuwa imepotea. Nikarudisha ile kwenye kanga na kunyamaza miaka sita. Nilijisifu kwa kunyamaza huko, nikijiona namhurumia kaka yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeweka akiba. Kila nilipomkuta Mama ananawa miguu nilijua nina neno moja la kumkomesha.

Julai ile nilikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi nikiwa ndani na chai yangu, bajaji ilisimama nje. Kulwa na mpakiaji mwenzake, Yunus, walimshusha Nassoro, kijana wanayepakia naye, wakamlaza kwenye mkeka. Wengine wanne walifuata kwa miguu.

"Shikamoo, mama," Yunus alisema. "Tumekuletea Nassoro. Aliinua jiwe juzi, tangu hapo miguu haimtii."

"Marahaba. Nassoro mwanangu, nyanyua kidole gumba cha mguu. Cha kulia. Haya, na cha kushoto."

Kidole cha kushoto hakikunyanyuka.

"Haja ndogo unakwenda?"

"Imenigomea tangu jana, mama," Nassoro alijibu kwa sauti ndogo. "Na hapa ninapokalia pote ni ganzi."

"Huyu simkanyagi," Mama alisema. "Mpelekeni hospitali. Sasa hivi, hata chai msinywe."

Niliweka kikombe chini. Kile kipimo cha kidole gumba nilifundishwa Moshi, muhula wa tatu, na mwalimu mwenye vyeti viwili. Mama alikipata peke yake. Kwa miaka aliona kwamba wasioweza kunyanyua kidole hawapati nafuu hata akiwakanyaga vipi, akaanza kuwarudisha. Hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Yunus alianza kumbembeleza. "Weka hata mguu mmoja, Mama Kulwa. Hospitali tutakwenda, lakini aondoke na mguu wako."

"Nimesema sikanyagi, Yunus. Mwinueni."

Alikuwa ameshakataa. Mara mbili. Nilisikia kwa masikio yangu, na hapo ndipo ilipo aibu ninayolala nayo. Nassoro alikuwa anaelekea hospitali. Kilichobaki ni kumwinua tu. Hakukuwa na sababu yoyote ya mimi kutoka mlangoni, ila miaka yote ile ya Mguu wa Kushoto na lile darasa lililocheka.

"Mnambembeleza nini?" nilisema. "Huyu hana mapacha. Hajawahi kuzaa mapacha. Kulwa si mtoto wake, ni wa marehemu mdogo wake. Kadi ipo sandukuni, mkitaka nawaletea."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kama anavyoshika siku zote. Aliniangalia mimi, akamwangalia Kulwa, akanirudia mimi. Nilisubiri anikanushe, nilikuwa na jibu tayari. Akaliachia dirisha, akaingia ndani, akapita karibu nami bila kunigusa.

Kulwa alimshika Nassoro kwapani. "Tumwinue," alisema. "Bajaji inasubiri."

Nassoro alipasuliwa Moshi siku hiyohiyo. Anatembea na fimbo, na kazi ya kupakia ameiacha, anauza vocha karibu na reli. Watu wamesema mara nyingi kwamba Doto aliyesoma ndiye aliyemwokoa, kwa kumzuia mama yake asimkanyage. Nimewasikia wakisema hivyo nikiwa nimesimama hapohapo, na sijamkatalia hata mmoja.

Kesho yake Mama aliinjika maji ya miguu kama kawaida. Hakuja mtu. Akayatumia kuoshea vyombo. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu hakuinjika. Hakunisema neno, hakuninunia, aliniwekea chapati mbili na chai na kuniuliza kama nimelala vizuri. Ningefurahi angenitukana.

Nikaenda kumtafuta Kulwa. Walikuwa wamemaliza kupakia lori la kwanza. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, mweupe kwa vumbi la jasi mpaka kwenye kope, anakula chapati.

"Kaka, nimekuja kuomba msamaha," nilisema. "Haikufaa nikwambie vile mbele za watu. Ulistahili kuambiwa taratibu."

Alitafuna, akameza.

"Ile kadi uliisoma vizuri?"

"Niliisoma."

"Tarehe ilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne, mwezi wa tatu."

"Na pilau ya kuzaliwa kwetu Mama anapika tarehe ngapi?"

"Tarehe tatu."

"Kwa hiyo yupo wa tarehe tatu na yupo wa tarehe kumi na nne," Kulwa alisema. "Nani alitangulia, Doto?"

Jibu lilikuwa ndani ya majina yetu. Kulwa ni anayetangulia. Doto ni anayefuata. Pale Lembeni Mama alipoulizwa yupi ni yupi hakubahatisha. Alimtaja kwanza aliyezaliwa kwanza, wa kwake mwenyewe, na baada yake mtoto wa Neema aliyekuja siku kumi na moja nyuma, mdogo, mwenye njaa, ndiyo maana alikuwa kifuani, karibu na ziwa. Miaka yote nilikuwa naitwa jibu, nikasoma kadi ile kwa macho yangu mawili na elimu yangu, nisione.

"Umejua lini?" niliuliza.

"Tulipokwenda Kighare kumzika bibi, tuko la saba. Binamu walinitania kwamba nilikuwa nanyonya kwa zamu na wewe, mtoto wa Neema. Nikamuuliza Mama. Akaniambia yote, akaniapisha. Mama mdogo Neema alikufa wiki ile aliyokuzaa, na aliyempa mimba hakuonekana. Alimwomba Mama usiitwe yatima. Basi." Alijipangusa midomo. "Mama alisema usijue, wewe ni mwepesi wa kuumia."

"Na kukanyaga watu?"

"Unadhani alipenda? Wiki ya kwanza tu hapa, mzee mmoja alikuja kulala mbele ya mlango, amesikia kuna mama wa mapacha. Mama wa mapacha akikataa kukanyaga, watu watauliza kwa nini. Angewajibu nini, na wewe upo kifuani? Akakanyaga. Akaja wa pili." Alicheka kidogo. "Kila siku alikuwa akiniambia, hawa wanapona wenyewe, Kulwa, mimi nawasindikiza tu."

Nilisimama pale juani. Yale niliyokuwa nikiwahubiria watu Same, kwa sauti, kama kitu nilichokivumbua, mama yangu aliyajua kabla sijaota meno. Tena aliyajua akiwa juu ya migongo yao, na alikuwa juu ya migongo yao kwa ajili yangu.

Swali la mwisho sikutaka kuliuliza. Kulwa alilijibu mwenyewe.

"Ada ilikuwepo ya mmoja. Mama alisema aende wa Neema, asije siku moja akasema angesoma kama mama yake angekuwa hai. Mimi nikakubali. Usinitazame hivyo, nilikuwa sipendi hesabu."

"Nitawaambia watu," nilisema. "Nitawaambia kwamba ni mimi."

"Sema ukitaka. Mimi sijakutuma."

Lori la pili lilikuwa linarudi nyuma. Akasimama, akajinyoosha kwa awamu kama wenzake, mkono kiunoni, akaenda.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Kulwa amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu, mama. Nimemwomba msamaha tu."

Mabega yake yalishuka. Niliona kabisa yakishuka. Akasogeza ungo, akaniambia nikae nimsaidie, na nikakaa.

Nilikusudia kusema kweli siku iliyofuata. Siku iliyofuata nikapanda basi la Same. Nikajiambia nitasema Krismasi. Krismasi nikajiambia, mambo yameshatulia, ya nini kuyafukua. Hayakutulia. Yalitulia kwangu. Makanya nzima inajua kwamba mmoja wa wana wa Irine si wake, na inajua kwamba ni Kulwa, kwa sababu mimi niliyesoma ndiye niliyesema. Wapo wanaomwita mtoto wa marehemu, usoni kwake. Hajamkanusha mtu. Angesema, "Si mimi," watu wangejua papo hapo ni nani.

Mwaka huu alipeleka posa Lembeni kwa binti anayeitwa Jesca. Wajomba wa binti wakauliza, kama ilivyo haki yao, huyu kijana ni wa ukoo gani hasa, baba yake ni nani. Wakaambiwa habari iliyoko Makanya. Posa ikarudishwa. Kulwa alikaa mbele ya wazee wale, mtoto halali wa Sifael, pua ya Sifael usoni mwake, akasema, "Wazee, nipeni muda." Nimeyasikia haya kwa Mama, kwenye simu, naye aliyasimulia polepole, huku akinichunguza kwa sauti yake kama nina la kusema. Nikamwambia Mungu atasaidia.

Jumamosi hii wazee wanakutana tena. Mama hajui kwamba najua, na najua ataumia kuona nimejua. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ni sababu nzuri, ila si ya kweli. Ya kweli ni kwamba naogopa kuitwa mimi lile neno nililomvika kaka yangu.

Karatasi hii nitaipeleka Lembeni mwenyewe, niisome nimesimama. Wazee wangu, Irine wa Sifael alizaa mara moja tu, tarehe tatu Machi, mtoto mmoja wa kiume. Mkisikia wanamwita Mama Kulwa, hilo wanalisema sawasawa. Mimi ni mtoto wa Neema. Nilizaliwa tarehe kumi na nne.